SOMO LA HISA: Kampuni ya gesi hupimwa kwa miaka iliyobaki

Mfanyabiashara wa Kilwa Masoko anayekodi shamba la minazi kwa miaka mitano hatoi bei ya kununua shamba. Hulipia nazi za miaka hiyo mitano tu, kisha shamba hurudi kwa mwenyewe. Hesabu hiyo hiyo inamfaa anapokwenda kwa dalali kununua hisa za kampuni inayoingia sokoni kwa mara ya kwanza, hasa ikiwa ni ya gesi au madini.

Kabla ya hisa kuuzwa kwa umma, washauri hukadiria thamani ya kampuni kwa njia tatu. Ya kwanza ni mali zake baada ya kutoa madeni. Ya pili ni faida ya mwaka mmoja ikizidishwa kwa kiwango kilichozoeleka sokoni kwa kampuni za aina yake. Ya tatu ni fedha zinazotarajiwa miaka ijayo, zikipunguzwa kwa sababu shilingi ya kesho si sawa na ya leo. Thamani inayopatikana hugawanywa kwa idadi ya hisa.

Ndiyo maana bei ya hisa moja haitoshi kuonyesha kama kampuni ni rahisi au ghali. Mwaka 2014 Swala iliuza hisa kwa Sh 500 kila moja. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa Sh 850, na kwa kuwa hisa zake zote zilikuwa karibu bilioni 2.24, kampuni nzima ilithaminiwa karibu Sh trilioni 1.9. Swala wakati huo ilikuwa na leseni za utafutaji za Kilosa-Kilombero na Pangani, bila kisima kinachozalisha. Hapakuwa na faida ya gesi ya kuzidisha; mnunuzi alilipia matarajio.

Mwaka 2018 Swala ilinunua takriban asilimia 7.9 ya kampuni mama ya PanAfrican Energy, iliyokuwa ikizalisha gesi katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Hapo palikuwa na mapato halisi, lakini yenye ukomo. Leseni, ambayo ni ya TPDC, ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, yaani hadi Oktoba 2026.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ina hisa milioni 1 na hubakiwa na Sh milioni 100 kila mwaka. Mwekezaji anataka asilimia 15 kwa mwaka. Kama mapato hayana mwisho, thamani ni karibu Sh milioni 667, au Sh 667 kwa hisa. Kama leseni imebakiza miaka mitano, milioni 100 ya mwaka wa kwanza ina thamani ya milioni 87 leo, na ya mwaka wa tano milioni 50 tu. Jumla ya miaka yote mitano ni milioni 335, au Sh 335 kwa hisa. Likiwepo deni la milioni 60, hubaki Sh 275.

Kwa hiyo anayelipa Sh 667 kwa kutazama faida ya mwaka mmoja atakuwa ametoa zaidi ya mara mbili ya thamani.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana huidhinisha waraka wa matarajio. Haimhakikishii mnunuzi kwamba bei ni nzuri. Kabla ya kutoa fedha za ufuta au korosho, mwekezaji atafute mambo manne katika waraka huo: leseni inakwisha lini, gesi iliyothibitishwa ni kiasi gani, nani ananunua na kwa mkataba wa muda gani, na madeni ni kiasi gani. Jibu moja likikosekana, amuulize dalali kabla ya kujaza fomu.