Farao na Simba Mwene

Katika masomo yetu ya Kitabu cha Kutoka tumemtaja Farao mara nyingi, na wengine wametuuliza kama hilo ni jina la mtu. Siyo. Ni neno la Kimisri, maana yake "nyumba kubwa", yaani jumba la mfalme. Baadaye aliitwa hivyo mfalme mwenyewe, kama sisi tusemavyo "Ikulu imeamua".

Wamisri walimhesabu kuwa mwana wa mungu jua. Kazi yake ilikuwa kuiweka nchi katika utaratibu wake: hukumu iwe ya haki, adui azuiliwe, miungu ipate sadaka, na mto Nili ufurike kwa wakati wake. Mvua ya Misri ni haba mno, chakula chote kilitegemea mafuriko hayo. Makarani wake walipima kimo cha maji ili wajue kodi ya nafaka ya mwaka ule.

Wazee wetu waliujua utawala wa namna hiyo. Huko Vuga, milimani Usambara, alikaa Simba Mwene wa Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliwaweka wanawe kuwa machifu kila upande, na mkono wake ulifika mpaka huku pwani, ingawa Sultani wa Unguja naye alidai pwani ni yake. Krapf, mmisionari wa CMS aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena 1852, aliambiwa kwamba raia wote ni watumwa wa mfalme. Neno gumu! Lakini tukisoma Mwanzo 47 twalikuta lile lile: wakati wa njaa Wamisri walimpa Farao fedha, kisha mifugo, mwisho mashamba na miili yao, wapate nafaka.

Kwa nini watu walikubali? Wasambaa walisema mfalme aweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, au kubana shi, kuiharibu. Mvua ilikuwa mkononi mwake. Akiwa mmoja mwenye nguvu, mvua hunyesha. Wakiwa wawili washindanao, hiyo ni nguvu kwa nguvu, na njaa huingia. Basi kodi na kazi walizompa zilikuwa kama bei ya mvua, na ukame ukija lawama ni yake. Misri nako, karibu na mwaka 2200 K.K., ufalme ulipolegea, wakuu wa wilaya walijisifu kwamba wao ndio waliowalisha watu wakati wa njaa, wala si Farao.

Baada ya Kimweri, nguvu kwa nguvu ilikuja kweli. Semboja, mwanawe, alimpinga Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti, na mwaka 1868 Shekulwavu akafukuzwa Vuga. Wabondei nao wakawaondoa Wakilindi kwao. Watu wengi walikamatwa katika vita hivyo, wakateremshwa pwani kuuzwa. Wengine walipakiwa majahazini hapa Pangani, katika mlango huu huu wa mto tunaouvuka kwenda Bweni.