Kabla hujaweka ringi mpya kwenye Massey 135, papasa kwanza mdomo wa silinda

Kipindi hiki cha kuelekea mvua, simu nyingi ninazopokea si za mbegu wala mbolea, ni za trekta. Mtu kanunua Massey Ferguson 135 kuukuu, inatoa moshi wa bluu, inakunywa oili kama ng'ombe, na fundi kamwambia "tubadilishe ringi tu, itakaa sawa." Mvua za Novemba na Desemba ziko mlangoni na wateja wa kulimiwa wameshatoa advansi. Kwenye haraka hiyo ndipo pesa inapopotea.

Kijana mmoja wa Ismani, Iringa, alifanya hivyo hivyo. Ringi mpya, beringi mpya za konrodi, gasketi mpya, trekta ikawaka vizuri. Siku ya tatu shambani ikaanza kugonga kwa juu, ko, ko, ko. Walipoifungua wakakuta ringi ya juu ya silinda namba mbili imevunjika vipande na imechora ukuta mistari unayoweza kuihesabu kwa kidole. Ringi zenyewe hazikuwa feki. Shida ilikuwa ngazi ambayo hakuna aliyeipapasa.

Ngazi ni nini? Pistoni ikipanda, ringi ya juu haifiki mwisho kabisa wa silinda. Inafika chini kidogo ya mdomo, inageuka, inarudi. Pale inapogeukia ndipo panapoliwa zaidi, kwa sababu joto ni kali, oili ni haba na moto unaisukuma ringi ukutani. Juu ya hapo hakuna kinachosugua, kwa hiyo chuma kinabaki na upana wake wa kiwandani. Baada ya miaka, chini pamepanuka na juu pamebaki palepale. Ukipitisha kucha kutoka chini kwenda juu, inakwama. Hiyo ndiyo naiita ngazi.

Na kwetu huku vumbi linaharakisha mambo. Anayelima Ismani au Usangu mwezi wa kumi anajua ninachosema. Filta ya hewa ya asili ya 135 ni ile ya bakuli la oili. Ukiacha oili ile ikawa tope, au mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini ukapasuka, injini inavuta msasa mtupu. Matrekta haya yalianza kutoka kiwandani mwaka 1964, kwa hiyo hiyo uliyonunua imeshameza vumbi la mabosi wengi kabla yako.

Sasa, mbona ringi za zamani hazikugonga ngazi? Kwa sababu zililika pamoja nayo, kona yake ikawa ya mviringo. Ringi mpya ina kona kali, ya mraba. Halafu ukiweka beringi mpya za konrodi, ule uchezaji uliokuwepo unaisha na pistoni inapanda juu kidogo kuliko jana. Kidogo sana, lakini inatosha. Ringi inagonga ngazi kila mzunguko, mpaka inavunjika yenyewe au inavunja ule ukuta mwembamba wa pistoni unaoishikilia. Hata wakati wa kufungua, ukiigonga pistoni itoke kwa juu kwa nguvu, ringi zinashika kwenye ngazi na pistoni nzima inaharibika. Kama unataka kuirudisha ile ile, ngazi itoke kwanza.

Lakini usikimbilie kukata. Kwanza toa masizi magumu yaliyoganda mdomoni, maana mara nyingine kucha inakwama kwenye masizi tu. Kama bado inakwama, pima.

Geji ya silinda ni ghali na mafundi wengi wa vijijini hawana. Tumia ringi na fila geji. Pistoni zikishatoka, chukua ringi mpya peke yake, iingize kwenye silinda na uisukume kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawasawa, isilale upande. Isimamishe chini kidogo tu ya ngazi, pima mwanya wa ncha zake. Halafu isukume mpaka chini kabisa, mahali ambapo ringi huwa hazifiki, pima tena. Toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa 3.14. Mfano: juu 0.90 mm, chini 0.40 mm. Tofauti ni 0.50, ukigawa unapata kama 0.16 mm. Hicho ndicho kiasi ambacho kipenyo kimepanuka. Linganisha na kikomo cha kitabu cha injini yako. Mimi binafsi nikiona inakaribia 0.2 siweki ringi tena, natafuta slivu.

Hapa 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu ina nafuu: ndani ina slivu kavu, zinatolewa na kuwekwa nyingine. Ford 5000 haina slivu kutoka kiwandani, silinda iko kwenye bloku lenyewe, kwa hiyo ikilika sana inapelekwa kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Na kama umeshaamua slivu na pistoni zote ni mpya, usikubali kulipia kazi ya kukata ngazi kwa ufundi. Isafishwe tu kiasi cha pistoni kutoka.

Ukibaki na slivu ile ile, ngazi inakatwa kwa kifaa chake: kina mikono inayotanuka kubana ukuta na kisu kidogo pembeni, kinazungushwa kwa spana. Shusha pistoni chini kabisa, weka kitambaa juu yake na upake grisi pembeni ili inase vyuma. Kata kidogo kidogo, kutoka chini ya ngazi kwenda juu, na usimame ngazi ikiwa sawa na ukuta. Kisu kikiteremka kwenye njia ya ringi na kuchimba, umeharibu slivu, hakuna dawa. Grinda na tupa mkatalie fundi hata akikasirika. Nimeona slivu iliyopitishwa grinda, imekaa kama gamba la muwa.

Baada ya hapo ukuta unasuguliwa kwa mawe ya kuzungusha ili upate mikwaruzo ya kukingamana inayoshika oili. Ukuta unaong'aa kama kioo hauzoeani na ringi mpya. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni, si dizeli peke yake, maana dizeli inaacha unga wa jiwe. Futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, kisha paka oili hapo hapo kabla kutu haijaanza.

Yule kijana alinunua slivu, pistoni na ringi seti nzima, na wateja wake wa Desemba wakalimiwa na mtu mwingine. Alipofunga injini mara ya pili nilimwomba anionyeshe mpira wa filta ya hewa. Ulikuwa umefungwa kwa raba ya baiskeli.