Mtoto wa Kulea na Haki Zake

Ni desturi ya tangu zamani katika Kenya kwamba mtoto aliyefiwa na wazazi huchukuliwa na ndugu zao. Shangazi humpokea, au mjomba, au nyanya, wala hakuna hati iandikwayo. Desturi hii ni njema. Lakini yafaa wasomaji wajue kwamba mtoto aliyelelewa kwa wema mtupu, bila hati, aweza kupata taabu siku ambayo mlezi wake hayupo tena.

Uchukuliwe mfano wa seremala wa Nakuru aliyempokea mtoto wa marehemu dada yake akiwa na miaka 3. Alimlisha, akamvika, akamlipia karo, na majirani wakamjua kuwa ni mwanawe. Miaka 13 baadaye seremala akafariki. Wakati wa kugawa shamba, jamaa wakasema, “Huyu ni mpwa tu, na aende kwa baba yake.” Je, sheria yasemaje? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamtaja mtoto ambaye marehemu alimchukua katika jamaa yake kama wake mwenyewe. Aweza kuiomba mahakama fungu katika mali. Ila yampasa kuthibitisha kwamba alikuwa akitunzwa na marehemu hadi kufa kwake, na hilo ni jambo gumu kwa kijana wa miaka 16 aliyezungukwa na watu wazima wenye hasira. Hapo ndipo risiti za karo na kadi ya kliniki huwa na thamani kuliko ng'ombe. Mtoto aliyeasiliwa mahakamani hana haja ya kuthibitisha matunzo: mbele ya sheria ni sawa na aliyezaliwa nyumbani humo.

Njia za kumlinda mtoto zimeelezwa katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2001. Iliyo nyepesi ni mzazi aliye hai kumtaja mlezi kwa wasia au kwa hati yenye sahihi yake. Mzazi mgonjwa asione haya kufanya hivyo. Kuandika wasia hakumwiti malaika wa mauti. Iko pia njia ya malezi ya kambo, ambayo mtoto hukaa kwa muda katika nyumba ya watu wengine, na Ofisi ya Watoto huendelea kuangalia hali yake.

Kuasili ni jambo zito zaidi, maana huamuliwa na Mahakama Kuu. Mwombaji asiye ndugu wa mtoto apaswa kuwa ametimiza miaka 25, na kumzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mtoto naye hukaa kwake kwanza miezi 3 mfululizo, ili ionekane kama wanapatana.

Kwa Waislamu, sheria hiyo ya 2022 imeitambua kafala. Mtoto hubaki na jina la baba yake mzazi, wala hana fungu katika mirathi ya mlezi; lakini mlezi aweza kumpa zawadi akiwa hai, au kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali.

Hata hivyo, hati haimfundishi mtu namna ya kuishi na mtoto. Ziko nyumba ambamo mtoto wa marehemu huteka maji wakati wenzake wanadurusu, naye huvaa sare iliyokwisha kuchakaa. Mtoto huyo hajaambiwa neno baya, lakini ameelewa. Tena walezi wengine humficha habari za wazazi wake, wakidhani wamhifadhi. Siku moja humsikia mtu kisimani akizisimulia, naye huona amedanganywa miaka yote. Ni heri aambiwe angali mdogo, kwa maneno machache, na kuonyeshwa kaburi au picha.

Atakaye kuanza shughuli hizi na aende Ofisi ya Watoto ya kaunti ndogo yake, akichukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto na vyeti vya vifo vya wazazi. Mwenye kumjua mtoto anayeteswa aweza kupiga simu nambari 116, bila malipo.