Mdogo wangu, usiionee haya kanzidata ya bure

Mdogo wangu wa Shirimatunda, na wewe wa Majengo, na wewe uliyeajiriwa juzi na kampuni ya kupandisha wageni mlimani, kaeni hapa tuongee. Bosi anataka tovuti ya kupokea oda za wageni. Mmoja ofisini anasema mchukue PostgreSQL au MySQL, hazilipiwi. Mwingine, tena mwenye sauti kubwa, anasema cha bure hakina mwenyewe, mnunue Oracle au SQL Server. Wewe uko katikati: ukitaja cha bure unaogopa kuonekana mshamba, ukitaja cha kulipia unamwogopa mhasibu. Usijione mjinga, wengi mmekwama hapo hapo.

Hiyo aibu tuitoe kwanza, maana ndiyo inayowapotosha. Takwimu za afya za nchi hii, hata za zahanati ndogo huko Rombo, huingia kwenye mfumo wa DHIS2. Mfumo huo ulianzia Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa nyumbani umelelewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kanzidata iliyo chini yake ni PostgreSQL, hiyo hiyo unayoitaja kwa kunong'ona kikaoni. Mizizi yake iko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu 1986. Kama inabeba hesabu za wagonjwa wa taifa zima, itashindwaje na wageni wako wa Machame na Marangu? Kizuri chajiuza, mdogo wangu. Huyo anayekuja ofisini na suti na vipeperushi msikilize kwa heshima, lakini usimwachie akuamulie.

Hata hivyo, neno bure lisikulevye. Usipolipa leseni, utalipa mtu. Nani ataamka saa nane usiku seva ikigoma, na wageni wako Marekani wanataka kulipa? Kama jibu ni wewe peke yako, mwambie bosi mapema, na kwa maandishi. Hapo ndipo nawaona wadogo zangu wanaumia: wanasifiwa kwa kuokoa fedha, halafu hawalali, na mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule.

Na wale wanaosema cha bure hakina mwenyewe, waambieni habari ya MySQL. Ilianzia Sweden mwaka 1995, kampuni ya Sun ikainunua 2008, na Oracle walipoichukua Sun mwaka 2010 ikaangukia mikononi mwao. Watu waliingiwa na hofu. Lakini Michael Widenius, mmoja wa walioianzisha, alikuwa ameshachukua msimbo ule ule na kuanzisha MariaDB mwaka 2009, kwa sababu leseni ilimruhusu. Mwenyewe yupo, ila mlango wa kutokea uko wazi. Swali hilo hilo muulize kila muuzaji: nikitaka kuondoka na data yangu, natokaje? Akijiumauma, umeshapata jibu.

Kuna bure nyingine ya kuiangalia kwa macho mawili. Hao hao wenye kuuza wana matoleo yasiyolipiwa. SQL Server Express ya 2022 ina kikomo cha GB 10 kwa kila kanzidata. Oracle XE ya 21c inaishia GB 12 za data. Kwa ofisi ndogo zinatosha kabisa, ila ukijaza kikomo, bei ya kuendelea unaikuta ukiwa tayari umefungwa. Toleo la Developer la SQL Server nalo ni bure kwa kujifunzia na kujaribia tu. Ukilitumia kwa wateja wa kweli, umevunja leseni.

Na ile iliyokrakiwa, uliyopewa kwenye flashi na rafiki? Mdogo wangu, hapo nakukatalia kabisa. Hujui kimefichwa nini ndani yake, nawe umeshika namba za pasipoti za wageni na majina ya wapagazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Data ikivuja, aliyekupa flashi hatapokea simu yako.

Sisemi kulipa ni ujinga. Kama programu yenu ya uhasibu imejengwa juu ya SQL Server, lipeni mwendelee. Kama kazini kuna watu waliolelewa na Oracle miaka mingi, msiwatupe kwa kufuata mkumbo. Ila kwa tovuti mpya, watu wawili wa kompyuta na bajeti ya kubana, mimi nakushauri PostgreSQL, au MariaDB kama hosti mnayolipia ndiyo inayotoa hiyo.

Kabla hujaamua, lijaribu jambo moja. Mgeni analipa malipo ya awali kwa safari ya kupanda mlima kwa njia ya Lemosho; malipo yanaandikwa, na kabla oda haijaandikwa umeme unakatika. Ukiwaka, utakuta nini? Kanzidata nzuri huandika vyote viwili au isiandike hata kimoja. PostgreSQL hufanya hivyo. MySQL hufanya hivyo majedwali yakiwa ya InnoDB, lakini yale ya kizamani ya MyISAM hayafanyi. Kwa hiyo kagua majedwali uliyorithi kwa aliyekutangulia, na ufanye hivyo kabla ya Juni, wageni hawajaanza kumiminika.

Halafu nakala. Akiba haiozi, lakini nakala usiyowahi kuirudisha huijui kama ni nzima. Kila usiku itoe, nyingine iwe nje ya jengo. Ijumaa hii ichukue moja, irudishe kwenye kompyuta nyingine kabisa, utafute oda ya mgeni wa jana. Ukiikosa, usiende kwenye kikao cha bosi kuzungumzia bei ya leseni. Kaa hapo kwanza mpaka uione.