Kompyuta Ndogo ya Mezani kwa Kazi ya Ubunifu na Michezo: Panga Kwanza, Nunua Baadaye

Tuchukue mfano wa kijana wa Morogoro anayeishi kwa kupiga na kuhariri video za harusi. Amekopa katika kikundi chake cha kuweka na kukopa ili anunue kompyuta ya mezani yenye nguvu, lakini ndogo ya kubebeka, kwa kuwa wateja wake wako Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Jioni, kazi ikiisha, angependa pia kucheza michezo ya kompyuta pamoja na wadogo zake. Akikosea katika ununuzi huu, hasara haitaishia kwenye fedha iliyolipwa dukani. Rejesho la mkopo litadaiwa kila mwezi, na harusi haifungwi mara ya pili ili irekodiwe upya.

Somo hili linamwongoza mlaji wa namna hiyo kupanga ununuzi wake hatua kwa hatua, akiwa na kalamu, daftari na futi ya kupimia. Hatumchagulii duka wala chapa. Tunampa maswali ya kuuliza, hesabu za kufanya na haki za kudai.

Hatua ya kwanza: Pima kazi kabla ya kifaa

Mlaji aanze kwa kujiuliza kama kweli anahitaji kompyuta ya mezani. Anayefanya kazi ndani ya basi au mahali pasipo na umeme atafaidika zaidi na kompyuta mpakato, kwa sababu ina betri yake. Kompyuta ndogo ya mezani inamfaa mtu anayehama kutoka meza moja hadi nyingine palipo na umeme, na anayetaka mashine ambayo kipuri chake kikiharibika hubadilishwa peke yake, bila kutupa vingine.

Kisha aandike kazi yake kwa tarakimu. Kamera nyingi hurekodi video ya 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na gigabaiti 45 kwa kila saa ya kurekodi. Harusi inayorekodiwa kwa kamera mbili, saa sita kila moja, itazaa gigabaiti 540. Kwa hesabu hiyo pekee, mlaji anatambua kwamba diski ya gigabaiti 500 inayosifiwa dukani haitoshi hata sherehe moja, kabla ya kuweka programu na michezo.

Kwa kazi ya kijana wetu, tunashauri kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 32, diski ya SSD ya aina ya NVMe ya terabaiti 1 au 2 kwa kazi inayoendelea, na diski ya nje kwa ajili ya nakala. Diski ya SSD ya aina ya SATA husoma kwa takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Ile ya NVMe hupita kiwango hicho mara kadhaa. Nakala ya pili isikae katika mkoba uleule wenye kompyuta, kwani mkoba ukiibiwa vyote huondoka pamoja.

Hatua ya pili: Jua maana ya udogo

Ukubwa wa kasha la kompyuta hupimwa kwa lita. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Kasha la kawaida lenye sentimita 45 kwa 45 kwa 21 lina lita 42.5, zaidi ya madumu mawili ya lita 20. Kasha lenye sentimita 35 kwa 20 kwa 15 lina lita 10.5, yaani kama dumu dogo la mafuta ya kula. Wapenzi wa kompyuta hizi kwa kawaida huliita kasha dogo lile lisilozidi lita 20.

Udogo huo unawezeshwa na vipuri vyenye vipimo maalumu. Ubao mama wa aina ya Mini-ITX, uliobuniwa mwaka 2001, una milimita 170 kila upande. Kwa kawaida una nafasi mbili tu za kumbukumbu na moja tu ya kadi ya picha. Maana yake ni kwamba anayenunua kumbukumbu mbili za gigabaiti 8 leo hatapata pa kuongeza kesho. Itambidi azitoe zote. Pawa saplai ya aina ya SFX nayo ni ndogo kuliko ile ya kawaida ya ATX, na hazibadilishani katika kila kasha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi, mlaji aandike vipimo vinne vya kasha analolitaka: urefu wa juu kabisa wa kadi ya picha, unene wake, kimo cha kipozeo cha prosesa, na aina ya pawa saplai. Kadi iliyozidi milimita tano haisukumwi ikaingia. Aandike vilevile kama ubao mama unapokea kumbukumbu ya DDR4 au DDR5, kwa sababu moja haiingii mahali pa nyingine.

Hatua ya tatu: Fanya hesabu ya umeme

Tuchukue prosesa ya AMD Ryzen 5 7600 na kadi ya picha ya NVIDIA GeForce RTX 4060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Jozi hiyo inatosha kwa uhariri wa kawaida na kwa michezo mingi kwenye skrini ya 1920 kwa 1080. Prosesa hiyo imeandikwa wati 65, lakini inapofanya kazi nzito huruhusiwa kufika wati 88. Kadi hutumia takriban wati 115. Tukiongeza wati 60 za ubao, diski na feni, tunapata wati 263. Pawa saplai ya kuaminika ya wati 500 inatosha na kubakiza akiba. Muuzaji anayesisitiza wati 850 anamuuzia mlaji asichokihitaji. Na anayetoa pawa saplai isiyo na jina la mtengenezaji, kwa bei ya kutupwa, anahatarisha vipuri vingine vyote. Alama ya 80 PLUS huonyesha jinsi pawa saplai inavyopunguza upotevu wa umeme. Haithibitishi peke yake kwamba kifaa ni halisi.

Hesabu ya LUKU nayo ifanyike. Mashine inayotumia wati 300 kwa saa nne kwa siku hula uniti 1.2, kwa siku 26 za kazi ni uniti 31.2. Gharama hiyo iingizwe katika bei ya huduma anayotozwa mteja.

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo. UPS ni sehemu ya bajeti, wala si pambo. Hapa mlaji awe makini: namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni VA, na siyo wati. UPS nyingi za VA 650 hutoa chini ya wati 400. Mashine ya mfano wetu pamoja na skrini yake inaweza kukaribia wati 330, hivyo ni salama zaidi kutafuta UPS inayotamka wati 600. Kazi yake ni kumpa mwenye mashine dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Hatua ya nne: Fikiria joto, vumbi na safari

Kasha dogo hukusanya joto upesi. Mlaji achague lenye matundu ya kutosha na vichujio vya vumbi vinavyotoka na kusafishwa. Waishio pwani wakumbuke kwamba hewa yenye unyevu na chumvi huleta kutu. Mashine isikae dirishani.

Safarini, kadi nzito ya picha ndiyo iliyo hatarini zaidi. Mtikisiko wa basi unaweza kuipinda na kuvunja nafasi yake kwenye ubao mama. Ni vyema kuifunga kwa mhimili, au kuitoa na kuibeba ndani ya boksi lake. Kompyuta yenyewe isafiri juu ya mapaja ya mwenyewe au chini ya kiti, na siyo katika buti chini ya magunia.

Hatua ya tano: Nunua kwa macho na kwa maandishi

Kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika huvutia kwa bei. Nyingi huwa na pawa saplai ya umbo la pekee yenye wati chache, na hupokea kadi fupi tu. Aidha, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai TPM 2.0 pamoja na prosesa ya karibuni. Kwa Intel, kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Mlaji aulize hayo kabla ya kushawishika.

Kadi za picha za mitumba nazo zinahitaji tahadhari. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi hizo, na kadi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliuzwa upya. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa taarifa zake ili zijitangaze kuwa mpya. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kuzitambua, na CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski na saa ilizotumika. Omba mashine iendeshe kazi nzito kwa nusu saa mbele yako. Muuzaji mwaminifu hataona ombi hilo kuwa ni matusi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Dai ankara ya awali inayotaja kila kipuri kwa jina na namba ya modeli. Maneno kama "kompyuta kali ya gemu" hayana uzito. Iandikwe pia kazi utakayoifanya, kwa mfano: "kuhariri video za 4K". Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Na mfanyabiashara aliyeelezwa kusudi la mnunuzi, naye mnunuzi akategemea ujuzi wake, anaweza kubanwa bidhaa isipofaa kwa kusudi hilo. Ulinzi huu hupungua unaponunua kwa mtu binafsi asiyefanya biashara hiyo, na kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuibaini ni vigumu kuilalamikia baadaye.

Dai risiti ya EFD yenye kiasi halisi ulicholipa, na waranti ya maandishi inayoeleza muda, vipuri vinavyohusika na nani atagharamia usafirishaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Ukipotoshwa, mwandikie muuzaji kwanza, ukitaja tarehe na kasoro. Asiporekebisha, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani ukiambatisha nakala za ankara, risiti na waranti. Nakala halisi zibaki kwako.

Zoezi la kujipima

1. Kasha lina sentimita 40 kwa 30 kwa 17. Ni lita ngapi, na je, ni dogo kwa kipimo chetu?

2. Kamera moja hurekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde. Saa nne zitahitaji nafasi kiasi gani?

3. Muuzaji anasema waranti ni "neno langu tu, ndugu yangu". Utamjibu nini?

Majibu: (1) Lita 20.4, limezidi kidogo. (2) Gigabaiti 90. (3) "Nakushukuru, ndugu yangu; naomba neno hilo uliandike hapa na uweke sahihi."