Nani wa Kwanza? Hesabu ya Kuwapanga Wanawake katika Mashindano ya Mbio na Nguvu

Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, mkoa wa Mtwara ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA. Kabla ya mashindano ya namna hiyo kufikia ngazi ya taifa, walimu wa michezo huketi na kuamua nani aende na nani abaki. Pengine nafasi ni moja tu. Uamuzi huo waweza kugeuza maisha ya msichana mmoja, kwa hiyo yafaa tuuchunguze kwa jicho la sayansi.

Katika mchezo wenye kipimo kimoja kazi ni nyepesi. Theresia Dismas alipoipatia Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki huko Brazzaville mwaka 1965, utepe wa kupimia ulitosha. Magdalena Shauri alipomaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, saa ilitosha. Lakini siku hizi yameenea mashindano yanayochanganya mbio na kazi za nguvu. Mojawapo ni Hyrox, yaliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2017: mshindani hukimbia kilomita 1 mara 8, na baada ya kila kilomita hufanya kazi moja ya nguvu, kama vile kusukuma mzigo mzito sakafuni au kutembea na vyuma mikononi. Hapo swali la nani bora huwa gumu, maana tunajumlisha vitu visivyofanana.

Mfano wa ufukweni

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Wasichana watatu wa wilaya ya Mtwara wanashindanishwa katika mambo matatu: kukimbia kilomita 3, kubeba ndoo mbili za maji kwa meta 200, na kuburura mfuko wa mchanga kwa meta 50. Tuwaite kwa vijiji vyao. Muda wao, kwa sekunde, ni huu:

Msimbati: mbio 720, ndoo 110, mfuko 70.
Mikindani: mbio 750, ndoo 91, mfuko 61.
Naliendele: mbio 780, ndoo 90, mfuko 60.

Msomaji aweke makala haya chini kidogo, achague mshindi wake, kisha aendelee.

Kanuni ya kwanza: kujumlisha muda

Hii ndiyo kanuni ya Hyrox. Msimbati anapata sekunde 900, Mikindani 902 na Naliendele 930. Mshindi ni Msimbati.

Kanuni hii yaonekana kuwa ya haki tupu, lakini ina siri. Katika mbio, tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni sekunde 60. Katika ndoo ni 20. Katika mfuko ni 10. Unapojumlisha muda, jambo lenye mtawanyiko mkubwa ndilo linaloamua matokeo, hata kama hakuna aliyekusudia lipewe uzito zaidi. Msimbati ameshika mkia mara mbili, lakini mbio zimemwokoa.

Kanuni ya pili: kujumlisha nafasi

Sasa tutazame nafasi tu: wa kwanza apewe 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwenye jumla ndogo ashinde. Msimbati anapata 1+3+3, yaani 7. Mikindani anapata 2+2+2, yaani 6. Naliendele anapata 3+1+1, yaani 5. Mshindi ni Naliendele, na orodha yote imepinduka juu chini.

Wazo la kujumlisha nafasi ni la kale. Mfaransa Jean-Charles de Borda alilieleza katika karne ya 18 alipokuwa akitafuta njia bora ya kupiga kura. Mashindano ya CrossFit Games, yaliyoanza Marekani mwaka 2007, hutoa pointi kwa kufuata nafasi katika kila jaribio. Ni kwa hesabu ya aina hiyo kwamba Tia-Clair Toomey wa Australia alitwaa ubingwa wa wanawake mara 6 mfululizo, kuanzia mwaka 2017 hadi 2022. Kanuni hii humpendelea mshindani asiye na udhaifu mkubwa popote, lakini hufuta ukubwa wa tofauti: kushinda kwa sekunde 1 ni sawa na kushinda kwa sekunde 30.

Ina kasoro nyingine ya ajabu. Tuseme wanaongezeka wasichana wawili kutoka Nanyamba, wanaokimbia kwa sekunde 760 na 770 lakini wanaoshika mkia katika ndoo na katika mfuko. Naliendele sasa ni wa tano katika mbio, na jumla yake ni 7. Mikindani anabaki na 6, naye ndiye mshindi mpya. Wale watatu wa awali hawakubadilika hata kwa nukta ya sekunde, lakini ubingwa umehama kwa sababu ya watu wasioweza kuupata.

Kanuni ya tatu: kulinganisha na kipimo cha pamoja

Njia ya tatu ni kumpa aliye bora katika kila jambo pointi 100, na wengine kwa uwiano wa muda wao na wake. Msimbati anapata 100, 81.8 na 85.7, jumla 267.5. Mikindani anapata 96, 98.9 na 98.4, jumla 293.3. Naliendele anapata 92.3, 100 na 100, jumla 292.3. Mshindi ni Mikindani, ambaye hakuongoza katika jambo lolote.

Michezo saba ya wanawake katika riadha, iliyoingia Olimpiki mwaka 1984, hutumia hesabu ya ukoo huo, ila kipimo chake hakitegemei waliofika siku hiyo. Kila mchezo una fomula yake iliyowekwa kabla. Kwa mfano, anayekimbia meta 800 kwa dakika 2 na sekunde 10 hupata pointi 965, awe peke yake uwanjani au na wenzake ishirini. Ndiyo maana pointi 7,291 alizopata Jackie Joyner-Kersee wa Marekani huko Seoul mwaka 1988 zaweza kulinganishwa na za mwanamke wa leo. Hata hivyo, fomula nayo imetungwa na watu, nao ndio walioamua kuruka juu kuna thamani gani mbele ya kutupa tufe.

Mchanga na makosa ya kipimo

Hata kanuni nzuri huharibiwa na kipimo kibaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kukimbia juu ya mchanga laini hutumia nishati takribani mara 1.6 ya ile ya kukimbia juu ya sakafu ngumu. Katika ufukwe wa Msimbati, maji yakipwa hubaki mchanga uliokazana. Yakijaa, mkimbiaji husukumwa juu kwenye mchanga mkavu unaodidimia. Kati ya maji kujaa na kupwa hupita kama saa sita. Anayekimbia asubuhi na anayekimbia adhuhuri huenda hawakukimbia mbio moja.

Tena, mwili hauko vilevile kila siku. Muda wa mtu ukipanda au kushuka kwa asilimia 1 tu, katika sekunde 900 hiyo ni sekunde 9. Msimbati alimshinda Mikindani kwa sekunde 2. Kwa mwanasayansi, hao wawili wamelingana, na jaribio lirudiwe.

Mwalimu afanye nini?

Mwaka 1951 mwanauchumi Kenneth Arrow alithibitisha kwamba, wanapokuwapo watatu au zaidi wa kupangwa, hakuna njia ya kuunganisha orodha za nafasi inayotimiza kwa pamoja masharti machache ya haki ambayo kila mmoja wetu angeyakubali. Kwa hiyo tusitafute kanuni isiyo na ila. Badala yake, mwalimu na azingatie mambo manne. Kwanza, ajiulize anatafuta nini: mkimbiaji, mwenye nguvu, au aliyekamilika pande zote. Pili, aitangaze kanuni kabla ya filimbi ya kwanza, wala asiibadili baada ya kuona matokeo. Tatu, wote washindane katika hali moja ya bahari na ya jua, na zaidi ya siku moja. Nne, abandike ukutani muda wa kila jambo, si jumla peke yake, ili kila msichana ajue ameshindwa wapi.

Katika mfano wetu kila msichana alikuwa wa kwanza kwa kanuni mojawapo. Atakayeachwa nyumbani anastahili kuelezwa ni kanuni ipi iliyomwacha, na kwa nini ilichaguliwa.