Somo la kiangazi: tuhesabu usiku wa kuvua kabla ya kukopa esansi

Leo tunaacha muhogo na mahindi kidogo, tunashuka ziwani. Wengi wetu, kutoka Uvira na Fizi mpaka Kalemie na Moba, tunalima mchana na tunavua usiku, na feza ya kazi moja njo inasaidia kazi ingine. Kiangazi kikiharibika ziwani, hata shamba linakosa mbegu wakati mvua inarudi.

Swali la somo hili ni moja: ekipe yenu itapata usiku ngapi wa kuvua kweli? Siulizi usiku wa kalenda. Nauliza usiku wenye giza, wenye maji kutulia kidogo, na ambao ziwa halijafungwa. Koperative nyingi nilizotembelea hazijawahi kufanya hesabu hiyo. Zinakopa kwanza, zinahesabu kiisha.

Upepo wenye kulisha na wenye kuzamisha

Tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unapiga ziwa Tanganyika kwa urefu wake. Ziwa hili liko na karibu kilometre 670 kutoka Zambia mpaka Burundi, lakini hata mahali penye upana mkubwa halifiki kilometre 80. Upepo ukipita juu ya maji njia ndefu namna hiyo bila mlima wa kuuzuia, mawimbi yanaendelea kukua. Ndiyo maana mutu wa Uvira anaweza kuamka, akaona hewa imetulia kwake, na bado wimbi kubwa linafika. Limetengenezwa mbali, kusini.

Lakini upepo huohuo njo unatupatia ndagala. Mlimaji ataelewa haraka. Ziwa letu liko na kina cha metre 1.470, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu. Upande wa kaskazini, ukishuka kupita metre 100 hivi, hewa ya kupumua ndani ya maji imekwisha. Kusini inafika chini zaidi. Kila kitu kinachokufa kinazama, na mbolea yote inakwenda kule chini. Ni kama shamba ambalo rutuba yake imeshuka mahali mizizi haifiki.

Sasa upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, yale ya moto, kuelekea kaskazini. Kule kusini maji ya baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi, na yanapanda na mbolea yake. Majani madogo sana yasiyoonekana kwa macho yanamea, vidudu vinayala, ndagala na lumbu wanakula vidudu, mukeke anakula ndagala. Kiisha, upepo ukilegea karibu na Septemba, maji yaliyosukumwa yanarudi. Hayarudi mara moja. Yanayumba huku na huku kwa majuma mengi, kama maji ndani ya beseni mama anapolibeba kichwani. Kuyumba huko kunapandisha mbolea upande wa kaskazini pia, na ndiyo sababu moja inayofanya mwisho wa kiangazi maji yageuke kijani mahali pengine. Nimesikia watu wakisema ziwa limerogwa. Hapana, limepata mbolea.

Wazee wanaosema samaki walikuwa wengi zamani hawadanganyi. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu yamezidi kuwa ya moto, na maji ya moto yanakaa juu ya yale ya baridi kama kifuniko. Upepo unashindwa kuyachanganya vizuri. Walikadiria chakula cha ziwa kimepungua karibu 20 kwa mia, na samaki wa kuvua karibu 30 kwa mia. Usiku mmoja wa leo hauleti kilo za usiku wa baba zetu, hata ukiongeza taa.

Mwezi na tarehe 15 Agosti

Tunavua ndagala kwa taa. Taa ina nguvu wakati kuna giza. Mwezi ukijaa, mwanga unaenea ziwa lote na samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya karabai yako. Ekipe nyingi zinapumzika siku 8 mpaka 10 kuzunguka mwezi mkubwa, wanashona nyavu. Kumbukeni pia: mwezi ukiisha kujaa, kila siku unachelewa kutoka karibu dakika 50. Kwa hiyo siku 4 au 5 baadaye tayari kuna masaa ya giza mwanzo wa usiku, na mwenye akili anayatumia.

Tangu mwaka 2024 kuna hesabu ingine. Nchi 4 za ziwa, ni kusema Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana ziwa lipumzike miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaa na kukua. Sitabishana hapa kama ni vizuri ao ni vibaya. Kila kijiji kina maneno yake juu ya hilo. Ninachotaka muone ni kitu kingine. Tarehe 15 Agosti upepo wa kusini haujakwisha. Ziwa linafunguliwa wakati bado liko na hasira, na watu wanarudi na njaa ya miezi 3.

Mwezi nao hauulizi serikali. Mwaka 2024 ulijaa tarehe 19 Agosti, siku 4 tu kiisha kufungua. Usiku wa kwanza ulikuwa na mwanga mpaka manane. Mwaka 2025 ulijaa tarehe 9, kwa hiyo ziwa lilifunguka giza likiongezeka. Mwaka 2026 mwezi mpya ni tarehe 12 Agosti na unajaa tarehe 28: kama tarehe ya kufungua inabaki ileile, juma la kwanza ni la giza.

Tufanye hesabu ya 2026 pamoja. Kutoka 15 Agosti mpaka 15 Septemba kuna usiku 32. Toa 10 za mwezi mkubwa, zinabaki 22. Toa za upepo. Hapo hakuna anayejua kabla, lakini tuseme 7. Zinabaki 15. Toa 2 za kilio ao motere kuharibika. Mko na 13. Huu ni mfano, si sheria, na Moba hawatapata hesabu sawa na Uvira.

Sasa angalieni deni. Kama ekipe imekopa esansi na chakula kwa kufikiri itavua usiku 25, zile 12 zinazokosekana zitatoka wapi? Zitatoka ndani ya usiku wa upepo. Mwaka mmoja nilikaa pwani na ekipe moja. Mzee wao alitazama maji, akasema, "Leo ziwa limekataa." Kijana mwenye kuendesha motere akamjibu kwa heshima: "Ndiyo baba, lakini esansi ya watu?" Walikwenda. Walirudi asubuhi bila wavu, taa mbili zimezama, na wote wazima. Nimeona pwani zingine ambako hawakurudi wote. Yule kijana hakuwa mpumbavu. Mwenye kununua samaki ndiye aliyewapa esansi, na yeye alitaka samaki asubuhi ile.

Hapa njo koperative inaweza kufanya kitu ambacho mutu mmoja hawezi. Muweke sanduku la esansi, linalojazwa wakati mavuno ya muhogo na mboga za bondeni yanauzwa, Juni na Julai, wakati ziwa limefungwa. Ekipe inakopa ndani ya sanduku, inalipa kwa usiku iliyovua, si kwa siku za kalenda. Na muandike katika sheria zenu kwamba mzee wa ekipe akisema hapana, hakuna faini na hakuna mutu wa kumcheka.

Neno fupi juu ya kukausha. Jua na upepo wa kiangazi vinakausha vizuri kuliko wakati wa mvua, lakini juu ya mchanga ndagala anakauka upande mmoja na anauzwa na mchanga ndani. Tengenezeni vitanda vya waya ao vya mianzi, kimo cha metre 1 hivi. Upepo unapita chini, kuku na mbuzi hawafiki, na wanunuzi wa Lubumbashi wanaona tofauti mara moja.

Kabla ya mkutano ujao, kila ekipe ilete kaye yenye mistari hii kwa kila usiku: tarehe, mwezi ulikuwa namna gani, upepo ulitoka wapi, walikwenda ao walibaki, kilo, na litre za esansi. Usiku wa kubaki nyumbani uandikwe pia. Kaye ikae kwa sekretere, si ndani ya mtumbwi.